Mkopo ulionyimwa, sauti ya mtoto kwenye simu: serikali iidhibiti akili mnemba au iiache?

SWALI: "Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA hapa Ujiji. Tuko akina mama 27, wengi tunauza dagaa na mawese. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa niliomba mkopo kwa simu, nikakataliwa papo hapo, na huko nyuma nilikuwa nakopa na kulipa bila shida. Nilipopiga huduma kwa wateja nikajibiwa 'mfumo ndio umekataa', basi. Mwezi uliopita mwenzetu alipigiwa simu, akasikia sauti ya mwanawe anayesoma Dodoma, analia kwamba amepata ajali. Akatuma laki tatu kwenye namba aliyopewa. Kumbe mtoto yuko darasani. Sasa kuna kijana ametuletea programu anayosema ni ya akili mnemba, itasoma daftari letu na kutuambia nani asikopeshwe. Kaka yangu anasema serikali ipige marufuku vitu hivi vyote. Mwalimu jirani yetu anasema serikali ikiingia itavitumia kutuchunguza, bora iache. Nani yuko sahihi? Na sisi tufanye nini?"

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyokukuta, na umfikishie pole mwenzako wa kikundi. Swali lako ni moja, lakini limebeba mambo matatu yanayofanana: uamuzi ulifanyika au uko njiani kufanyika, fedha zinaguswa, na hakuna mtu anayejitokeza kuujibia. Jibu langu ni ndiyo, serikali inapaswa kuidhibiti akili mnemba. Ila cha kudhibitiwa ni matumizi yake na yule anayefaidika nayo, na sheria hiyo iibane serikali yenyewe kama inavyombana mkopeshaji. Kaka yako ameuona ugonjwa sawasawa, dawa yake ndiyo mbaya. Mwalimu ana hofu ya haki kabisa, lakini akisema serikali iache, anawaacha ninyi mikononi mwa waliowajibu "mfumo umekataa".

Nianze na kauli hiyo, maana inawafunga watu midomo bure. Mfumo wa mikopo huwa unatengenezwa hivi. Mkopeshaji anakusanya kumbukumbu za maelfu ya watu waliowahi kukopa: miamala yao ilikuwa ya kiasi gani, waliongeza salio mara ngapi, laini ilikuwa hewani kwa muda gani, walilipa kwa wakati au hawakulipa. Programu nyingi za mikopo huomba pia ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi wako, orodha ya majina kwenye simu na mahali ulipo. Kompyuta inachambua kumbukumbu hizo na kutafuta dalili zilizowatofautisha waliolipa na wasiolipa. Matokeo yake ndiyo huitwa modeli. Ukiomba mkopo, modeli inakulinganisha na waliokutangulia, kisha inatoa namba moja tu, ambayo ni uwezekano wa wewe kutolipa. Hapo kazi ya mashine imekwisha. Kusema "atakayezidi namba hii asipewe" ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini na kupima hasara ambayo kampuni iko tayari kuivumilia. Kizingiti hicho anaweza kukisogeza kesho asubuhi. Kwa hiyo ukiambiwa mfumo umekataa, jua kuna binadamu aliyeuelekeza ukatae, na binadamu huyo anaweza kuulizwa.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu matangazo ya mifumo hii hupotosha hapo. Chukua waombaji 1,000. Tuseme 900 ni walipaji wazuri na 100 hawatalipa. Modeli inawanasa 80 kati ya wale 100, na kwa makosa inawakataa 90 kati ya wale 900 wazuri. Ukijumlisha, imepatia kwa watu 890, na kampuni itatangaza bila kusema uongo kwamba mfumo wake una usahihi wa asilimia 89. Sasa watazame waliokataliwa: 80 na 90, jumla 170. Zaidi ya nusu yao walikuwa walipaji wazuri. Namba hizi ni za mfano, lakini hali hii hutokea kila mahali ambapo wabaya ni wachache na wazuri ni wengi, na mikopo iko hivyo. Mkopeshaji haoni hasara, kwa sababu wale 90 hawakupewa mkopo, kwa hiyo hakuna siku atakayogundua kwamba wangelipa. Soko halina kitu cha kumsukuma alirekebishe kosa hilo, na hiyo ni sababu ya kwanza ya kutaka sheria.

Kwa watu wa Kigoma kuna jambo la ziada. Kipato cha dagaa kinafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na miamala kwenye simu inapungua kwa siku kadhaa. Kisha mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na majirani wanaoshiriki Ziwa Tanganyika, ikasimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kila mtu pale mwaloni Kibirizi alijua kwamba biashara imesimama kwa amri na itarudi. Modeli iliyojifunza kwa watu wenye mshahara wa kila mwezi, au kwa wenye maduka ya Dar es Salaam, haina habari hiyo. Kwake yeye mtu ambaye miamala yake imeshuka ghafla kwa wiki nyingi ni mtu ambaye biashara yake imekufa. Ukiwa na rekodi safi ya kulipa halafu ukakataliwa katikati ya miezi hiyo mitatu, hapo ndipo pa kushuku kwanza. Mashine haikuharibika, ilifanya ilichofundishwa. Aliyekosea ni aliyeileta kwa wauza dagaa bila kuijaribu kwa wauza dagaa.

Sasa serikali inaingia wapi? Chukua mizani ya pale soko la Mwanga. Wakala wa Vipimo haupigi marufuku mizani wala haupangi bei ya kilo ya dagaa. Unakuja na mawe ya uzito unaojulikana, unapima, unagonga muhuri, na mwenye mizani iliyochezewa anajibu. Mnunuzi hahitaji kujua ndani yake kuna springi gani. Modeli ya mikopo inaweza kupimwa kwa utaratibu huo huo: unaipa kumbukumbu za watu ambao matokeo yao yanajulikana tayari, wa Ujiji, wa Kasulu, wa mjini, wa mshahara na wa msimu, unahesabu inawakosea akina nani zaidi. Tofauti ni kwamba modeli hufundishwa upya mara kwa mara, kwa hiyo upimaji wa mara moja hautoshi. Kila ikibadilishwa ipimwe tena, na matokeo yawekwe mahali ambapo mdhibiti anaweza kuyasoma.

Kupima kwa makundi siyo anasa ya wasomi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walijaribu mifumo ya makampuni makubwa iliyokuwa ikitambua jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Wastani wa jumla ulikuwa umelificha tatizo lote. Siku programu ya mkopo itakapokutaka upige picha ya uso kuthibitisha kwamba ni wewe, kumbuka namba hizo mbili.

Watu wengi hudhani Tanzania hatuna sheria yoyote ya kushika mambo haya. Tunazo, ingawa hakuna iliyoandikwa kwa jina la akili mnemba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinatumika na kwa kazi gani, haki ya kutaka zisahihishwe, na, kilicho muhimu zaidi kwako, haki ya kudai kwamba uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa usifanywe na mtambo peke yake. Upande wa mikopo kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ile ile inayokiweka kikundi chenu kwenye daraja la nne. Wakopeshaji wa kidijiti wasiopokea amana wako daraja la pili, na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo maalumu kwao, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Hizo ndizo kausha damu za simuni, zile zinazofungua orodha yako ya majina na kuwapigia shemeji na mchungaji wako ili uaibike.

Kilichopungua ni kwamba haki hizi hazijafika chini. Mtu wa huduma kwa wateja hajui kwamba ana wajibu wa kukueleza, na mkopaji hajui kwamba anaweza kudai. Sheria mpya ikija juu ya hali hiyo bila watu wa kuisimamia, itabaki kwenye makabrasha.

Nirudi kwa kaka yako. Marufuku ya jumla ingemgusa nani? Tapeli aliyempigia mwenzenu simu tayari anavunja sheria, na marufuku moja ya ziada haimzuii. Programu za kuiga sauti zinapakuliwa bure na hutumika kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, hakuna mpaka wa kuzizuia. Atakayeguswa ni mkulima wa mihogo wa Kakonko au Kibondo anayetumia Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Anaielekeza kamera kwenye jani, nayo inamwambia kwa Kiswahili kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi kahawia, hata pasipo intaneti. Utafiti ulioizaa ulitumia picha za mihogo zilizopigwa mashambani hapa hapa Tanzania. Programu hiyo nayo ni akili mnemba. Ikikosea, mkulima anaweza kumwita bwana shamba na kuangalia tena. Hatari yake hailingani na ya mashine inayoamua nani apate mtaji au nani akamatwe, na haifai kubebeshwa mzigo ule ule wa sheria.

Kupanga ukali wa sheria kwa kadiri ya hatari ndiyo njia waliyoifuata Umoja wa Ulaya. Sheria yao ilianza 1 Agosti 2024 na inatumika kwa awamu. Tangu 2 Februari 2025 baadhi ya matumizi yamepigwa marufuku kabisa, kama vile kuwapa raia alama za tabia na kuwabagua kwa alama hizo, au kutumia mashine kusoma hisia za wafanyakazi kazini na wanafunzi shuleni. Kundi la pili ni matumizi ya hatari kubwa, na mfumo wa kupima nani akopeshwe umo humo: mwenye nao anatakiwa kuweka kumbukumbu, kuupima, na kuwa na binadamu anayeusimamia. Vilivyobaki, vingi vinaachwa huru. Anayetumia kilichopigwa marufuku anaweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Sipendekezi tuinakili sheria hiyo neno kwa neno. Ni ndefu, inahitaji jeshi la wakaguzi na wanasheria, na kampuni ndogo huumia kuitekeleza kuliko kampuni kubwa. Cha kuchukua ni mpangilio wake wa ngazi.

Marekani inatupa funzo la aina nyingine. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire walipigiwa simu zenye sauti ya kuigwa ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasiende kupiga kura ya mchujo. Mwezi Februari mamlaka yao ya mawasiliano haikusubiri Bunge. Ilichukua sheria ya simu ya mwaka 1991 na kutamka kwamba sauti iliyotengenezwa na akili mnemba ni "sauti bandia" kwa maana ya sheria hiyo, kwa hiyo kumpigia mtu simu za namna hiyo bila ridhaa yake ni kosa. Sheria ya miaka zaidi ya 30 ikafanya kazi. Hapa kwetu pia utapeli wa sauti unaingia moja kwa moja kwenye makosa ya udanganyifu na ya kujifanya mtu mwingine yaliyomo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hakuna haja ya kosa jipya. Inahitajika kasi ya kuizuia pesa kabla haijatolewa kwa wakala.

Mwalimu wenu naye asikilizwe kwa makini, kwa sababu mifano mikubwa ya mashine kuwaumiza watu maskini imetoka serikalini. Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kubaini familia zinazodhaniwa kudanganya ili kupata ruzuku ya malezi ya watoto, na mfumo huo ukachukulia kutokuwa na uraia wa nchi hiyo kuwa dalili ya hatari. Maelfu ya familia zilitakiwa kurudisha fedha ambazo hazikudaiwa kihalali, na serikali yote ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu tarehe 15 Januari 2021. Australia ndiyo inayowahusu zaidi ninyi wauza dagaa. Mpango uliokuja kuitwa Robodebt ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ukayagawa sawasawa kwa wiki mbili mbili, kisha ukamwambia mfanyakazi wa msimu kwamba alikuwa na kipato hata katika wiki alizokaa bila kazi, hivyo arudishe msaada aliopokea. Madeni ya angalau dola bilioni 1.7 za Australia yalibambikizwa kwa watu zaidi ya 400,000 kinyume cha sheria. Hata akili mnemba haikuwa pale, ilikuwa kugawanya tu. Kosa ni lile lile: mashine inayodhani kila mtu hulipwa kwa utaratibu mmoja mwaka mzima.

Kwa hiyo mwalimu anapoogopa serikali, jibu lake ni kuitaka sheria iifunge serikali pia. Kila mfumo unaoamua nani apate ruzuku ya mbolea, mkopo wa elimu ya juu au msaada wa kaya maskini uandikwe kwenye rejesta iliyo wazi, na usitumike mpaka kuwe na dirisha la rufaa lenye mtu ndani yake. Na kuna upande ambao mwalimu ana haki ya kuusimamia kwa sauti kubwa. Vifungu vipana vya kuadhibu "taarifa za uongo" visiingizwe kwa kisingizio cha kupambana na picha na sauti za kutengenezwa, kwa sababu kesho vinamfikia mwananchi aliyelalamika juu ya barabara ya kwao. Sheria itaje madhara waziwazi: wizi wa fedha, kumchafua mtu kwa picha ya utupu ya kutengenezwa, kuvuruga uchaguzi kwa sauti ya kuigwa.

Katika madai yote, nafikiri la kuanza nalo Tanzania ni haki ya kupewa sababu kwa Kiswahili chepesi, na jina la ofisi ya kukata rufaa, pale uamuzi wa mashine unapogusa fedha, kazi, elimu au matibabu. Halafu upimaji kwa watu watakaoathirika, kabla ya kuanza na kila baada ya mabadiliko. Usimamizi usikabidhiwe mamlaka moja mpya isiyojua mikopo wala simu wala dawa. Benki Kuu ishike mikopo, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ishike simu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ishike vya hospitali, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iwe na wataalamu wa kuwasaidia wote. Pendekezo ninalolipinga ni leseni kwa kila anayetengeneza programu ya akili mnemba. Kampuni kubwa ya nje italipa leseni hiyo bila kuhisi, na kijana aliyewafuata Ujiji atafunga kompyuta yake.

Tuje kwa kijana huyo. Msimfukuze, lakini msimpe kazi ya kuamua nani akopeshwe. Sababu ni ya kihesabu. Modeli hujifunza kwa mifano mingi, na ninyi mko 27. Walioshindwa kulipa katika daftari lenu huenda ni wawili au watatu. Kwa mifano mitatu kompyuta itaokota bahati nasibu na kuiita kanuni: kama wote watatu walijiunga mwezi Machi, au wanaishi upande mmoja wa mtaa, itawaadhibu wote wenye sifa hiyo. Kama atasema modeli yake ilifundishwa kwa vikundi vingine, muulizeni vikundi vya wapi, vya biashara gani, na vingapi. Akisema ni vya wafanyakazi wa mjini, mnajua tayari itawatazama vipi ziwa likifungwa. Mnaweza kumjaribu: mpeni kumbukumbu za mzunguko uliopita mkiwa mmeficha majina na mmefunika sehemu inayoonyesha nani alilipa, aseme yeye. Kisha funueni, na hesabuni ni wangapi wazuri aliowakataa. Hilo ndilo swali, msikubali akujibuni kwa "usahihi wa jumla".

Kompyuta yake inaweza kuwafaa sana kwa kazi nyingine: kujumlisha hisa, kukokotoa riba, kukumbusha tarehe za marejesho kwa ujumbe mfupi, kuonyesha mzunguko wote kwenye ukurasa mmoja. Kabla ya kuingiza jina la mwanachama yeyote, kikao kiridhie na kiandike kwenye muhtasari. Mkishaweka taarifa za watu kwenye mfumo, kikundi chenyewe kinabeba wajibu chini ya ile sheria ya mwaka 2022. Mkataba useme kwa maandishi taarifa zinahifadhiwa wapi, nani mwingine anaziona, kwamba haruhusiwi kuziuza, na kwamba mkiachana anawarudishia zote na kufuta nakala yake. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba.

Kuhusu mkopo wako, anza kwa kuangalia kama aliyekunyima yumo kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama hayumo, usimwandikie chochote. Ondoa ruhusa zake kwenye mipangilio ya simu (majina, ujumbe, mahali, kamera), halafu ndipo ufute programu yenyewe, maana kuifuta tu hakurudishi taarifa zilizokwisha kuchukuliwa. Kama ana leseni, mwandikie hivi, kwa barua au baruapepe, na ubaki na nakala: "Niliomba mkopo tarehe fulani kwa namba hii ya simu, nikakataliwa. Naomba kujua ni taarifa zangu zipi zilitumika, zilitoka wapi, na kama uamuzi ulifanywa na mfumo peke yake. Naomba uamuzi huo upitiwe upya na mtu, akizingatia kwamba uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kisheria kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na kwamba mikopo yangu ya nyuma nililipa." Hata kama muda umepita, barua hiyo ina faida, kwa sababu kumbukumbu ya kukataliwa inaweza kukufuata kwenye ombi lijalo. Wasipojibu, ipeleke nakala kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usitarajie barua ikupatie mkopo. Mkopeshaji ana haki ya kukataa, ila hana haki ya kukataa bila kukupa maelezo.

Kwa sauti ya simu, jueni kwanza kwamba siyo lazima ile ilikuwa mashine. Mtu analia, mtandao unakatika, mama ameshikwa na hofu: masikio hujazia yenyewe. Lakini kuiga kwa mashine nako kumekuwa rahisi. Mwaka 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde 3 tu, na vijana wetu wana sauti nyingi zaidi ya hiyo mitandaoni. Msijifunze kuitambua sauti bandia, mtashindwa. Jifunzeni kukata simu na kupiga ninyi wenyewe ile namba ya mtoto mliyonayo siku zote. Asipopokea, pigeni kwa mwenzake au ofisi ya chuo. Kila familia iwe na neno moja la siri ambalo halijawahi kuandikwa kwenye ujumbe. Kikundi nacho kipitishe kanuni: hakuna fedha ya kikundi inayotoka kwa simu ya dharura mpaka viongozi wawili wamethibitisha.

Ikitokea pesa imeshatumwa, dakika ndizo zinazoamua. Piga 100 kwa mtandao wako papo hapo, taja namba ya muamala, omba uzuiwe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Piga *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua.

Kuna mambo ambayo majibu ya mbali kama haya hayatoshi, na mwenzako wa laki tatu ni mmojawapo. Aende kituo cha polisi mwenyewe na simu ile ile iliyopigiwa, achukue namba ya RB, kwa sababu kampuni ya simu haitatoa taarifa za mwenye laini kwa maneno ya mdomo. Wewe tafuta msaada wa ana kwa ana iwapo mkopeshaji ameanza kuwapigia ndugu zako, amesambaza picha yako, au amekuletea barua ya mahakama. Halmashauri inaweza kuwaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu anafaa kuupitia mkataba wa yule kijana kabla hamjautia saini. Kabla ya kwenda popote, piga picha za skrini za ujumbe wote, tarehe zikionekana, na uzihifadhi kwenye simu ya mtu mwingine. Usifute ujumbe wowote mpaka kesi iishe, hata kama ni matusi.